Kasisi wa Mahandaki na Mungu Ateswaye: Uhakiki wa Kitabu cha G. A. Studdert Kennedy

1. Utangulizi

Katika miaka ya mwanzo ya utumishi wangu nilimzika mama kijana aliyefariki baada ya kujifungua. Uchungu ulimshika usiku, gari la kumpeleka hospitali likaahidiwa, wala halikufika hata kulipopambazuka. Katika mahubiri ya maziko nilisema, kama nilivyowasikia wachungaji walionitangulia wakisema, kwamba Mungu amependa kumchukua mtumishi wake. Baada ya ibada mama mzazi wa marehemu aliniita kando, akaniambia kwa utaratibu na bila hasira, "Baba Mchungaji, usimsingizie Mungu. Gari halikuja." Nilinyamaza. Naye, baada ya kukaa kimya kitambo, akauliza, "Lakini kama si yeye aliyemchukua, basi mwanangu yuko mikononi mwa nani?"

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu kitabu ninachokusudia kukihakiki hapa kinalipokea neno la kwanza la mama yule vizuri kuliko vitabu vingi nilivyosomeshwa, na kinashindwa kulijibu swali lake la pili. Kitabu hicho ni The Hardest Part, yaani "Sehemu Ngumu Kuliko Zote", kilichotolewa mwaka 1918. Mwandishi wake ni Geoffrey Anketell Studdert Kennedy, kasisi wa Kanisa la Uingereza aliyetumika jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Si kitabu cha mwanachuoni aliyeketi maktabani. Kiliandikwa na mtu mwenye matope miguuni, na kila ukurasa unaonyesha hivyo, kwa faida yake na kwa hasara yake.

2. Mtu mwenyewe

Anayesoma maisha ya makasisi wa Kiingereza wa enzi zile atakutana mara kwa mara na picha ya kasisi mwanamichezo. Frank Gillingham, kwa mfano, aliichezea kriketi timu ya Essex tangu 1903 hadi 1928, akatumika pia kama kasisi wa jeshi, na mwaka 1927 akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuutangaza mchezo huo redioni nchini mwake. Makasisi wa namna hii walipendwa. Waingereza wengi waliamini kwamba uwanja wa michezo humfundisha kijana uaminifu, ustahimilivu na kushindwa bila kinyongo, na kwamba mafunzo hayo ni jirani wa karibu wa Injili. Vita vilipoanza mwaka 1914, imani hiyo ilihamishwa ikapelekwa vitani: vita navyo vikasemwa kwa lugha ya mchezo, na kasisi akatazamiwa awe mtu wa kuwatia wachezaji moyo.

Studdert Kennedy hakuwa mtu wa sura hiyo. Alikuwa mgonjwa wa pumu maisha yake yote. Alizaliwa Leeds tarehe 27 Juni 1883, mtoto wa kasisi mwenye asili ya Ireland aliyehudumia mtaa wa maskini. Alisoma Trinity College, Dublin, akabarikiwa mwaka 1908 na kuanza kazi Rugby. Mwaka 1914 akawa mkuu wa usharika wa Mtakatifu Paulo, Worcester, ambao nao ulikuwa wa watu maskini. Hata hivyo, moto wa siku zile ulimshika kama ulivyowashika wengine. Katika gazeti la usharika wake alihimiza kila mwanamume mwenye afya ajitolee kwenda vitani. Mwishoni mwa mwaka 1915 yeye mwenyewe akaenda kuwa kasisi wa jeshi.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Rouen, Ufaransa, kwenye stesheni ambapo askari walipanda treni kwenda mstari wa mbele. Hapo aliimba nao, akawaandikia barua za kwao, akapita katika mabehewa akigawa Agano Jipya kwa mkono mmoja na sigara za aina ya Woodbine kwa mkono wa pili. Ndipo askari wakamwita "Woodbine Willie", na jina hilo halikumtoka mpaka kaburini. Baadaye alikuwa Somme, na mwaka 1917 alikuwa Messines, ambako alipewa nishani ya Military Cross. Sababu ya nishani hiyo yafaa kukumbukwa: chini ya mizinga alitafuta majeruhi katika mashimo ya makombora, wa upande wake na wa upande wa adui pia, akisaidia kuwafikisha mahali pa matibabu.

Yapo pia mashauri aliyompa Theodore Bayley Hardy, kasisi mwenzake aliyekuwa na zaidi ya miaka 50 alipofika vitani, na ambaye naye alikufa kwa majeraha mwezi Oktoba 1918. Hardy alimwuliza afanyeje kazi hii. Jibu lilikuwa, kwa kifupi, kwamba aishi na watu, aende kila waendako, kwa maana kasisi anayebaki nyuma anapoteza wakati wake. Askari husamehe mengi, ila hawasamehi kukosa ushujaa na kukosa kujitoa. Sijui kama katika vitabu vyetu vya theologia ya kichungaji kuna sura iliyo bora kuliko hayo.

Tukisoma habari zake hatuna budi kuwa waangalifu juu ya jambo moja. Sigara zimemfunika mtu. William Purcell alipoandika maisha yake mwaka 1962, jina la utani ndilo lililokuwa jina la kitabu, na wengi waliosimulia habari zake wameshika njia hiyo. Matokeo yake tunampata kasisi mwema, mcheshi, mwenye huruma, ambaye hamsumbui mtu. Lakini mwandishi wa The Hardest Part anamsumbua kila asomaye. Anamsumbua hasa mchungaji.

3. Kitabu na hoja yake

Kitabu kinaanza na swali. Ofisa mmoja aliyejeruhiwa, akiwa amelala hospitalini, anamwuliza kasisi Mungu yukoje. Kasisi anamwonyesha msalaba wenye sanamu ya Kristo uliotundikwa juu ya kitanda, anamwambia kwamba Mungu yuko hivyo. Ofisa haridhiki. Anasema kwamba huyo ni Yesu, naye amekuwa akimstahi Yesu siku zote. Lakini swali lake linamhusu Mungu, Mwenyezi, aliyeziumba mbingu na nchi. Huyo naye yukoje?

Katika swali hilo Studdert Kennedy aliona ugonjwa wa Kanisa zima. Kwa karne nyingi, asema, tumewafundisha watu kumpenda Yesu na kumwogopa mfalme mwingine aketiye nyuma yake, asiyeguswa na lolote, apangaye ushindi na tauni kwa utulivu ule ule. Ibara ya kwanza ya imani ya kanisa lake mwenyewe husema kwamba Mungu hana mwili, wala sehemu, wala mateso. Askari aliyezikwa nusu mwili katika matope ya Flanders hawezi kumwabudu Mungu huyo. Tena, asema mwandishi, hapaswi.

Kisha mwandishi anatuchukua sura kwa sura: Mungu katika maumbile, katika historia, katika Biblia, katika maombi, katika Sakramenti, katika Kanisa, na katika uzima wa milele. Kwa kawaida sura huanzia mahali halisi vitani, wala si kwenye hoja ya kitabuni. Yuko handakini mizinga ikipiga, na karibu naye kuna mtu anayeomba kwa hofu ili kombora limkose yeye; kasisi anakiri kwamba sala ile inamchafua roho, na kwamba afadhali matusi ya sajenti. Hapo ndipo anapoanza kuuliza sala ni nini, kama si ombi kwamba kombora limwangukie mwingine.

Mahali panaponigusa kuliko pote ni habari ya tarehe 7 Juni 1917. Akikimbia kwa woga katika mapigano ya Messines anajikwaa juu ya maiti. Ni kijana wa Kijerumani, mdogo wa umbo, mwenye jeraha tumboni. Hapo, asema, ni kama alimwona Kristo mahali pa kijana yule. Akakumbuka neno la Bwana juu ya walio wadogo katika Mathayo 25. Tangu siku ile hakuweza tena kuutazama uwanja wa vita ila kama msalaba. Tukumbuke kwamba haya yaliandikwa na kuchapishwa wakati Uingereza ilikuwa bado inapigana na Ujerumani, na mwandishi alikuwa amevaa sare ya jeshi la Uingereza.

4. Nguvu ya kitabu

Msomaji wa Kilutheri atatambua haraka yuko katika nchi anayoifahamu. Katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, hoja ya 19 hadi ya 21, Martin Luther alitofautisha wanatheologia wa namna mbili. Mwanatheologia wa utukufu hupanda kwa akili yake ampate Mungu katika uweza na fahari. Mwanatheologia wa msalaba humtambua Mungu pale alipokubali kuonekana, yaani katika mateso na msalaba. Tena wa kwanza huita uovu wema na wema uovu. Wa pili hukiita kitu kwa jina lake.

Sina ushahidi kwamba Studdert Kennedy alijifunza hayo kwa Luther. Aliyafikia kwa njia nyingine. Lakini ushujaa wake mkubwa ni huo wa kukiita kitu kwa jina lake. Anakataa kusema kwamba vita ni mapenzi ya Mungu. Anakataa kusema kwamba kifo cha kijana wa miaka 19 ni mpango wa siri wenye hekima. Ni uovu, umetoka kwa wanadamu, na Mungu hakuupanga bali anaumizwa nao. Mama yule aliyeniita kando baada ya maziko alisema jambo lile lile kwa maneno mawili, wala hakuwa amesoma kitabu. Gari halikuja. Mchungaji anayemtwika Mungu mzigo wa gari lisilokuja anawapunguzia mzigo wale waliotakiwa kulileta.

Nguvu ya pili ni kwamba theologia yake haitenganiki na miguu yake. Maneno juu ya Mungu ateswaye huweza kuwa rahisi mno mdomoni mwa mtu aliyeshiba. Kwake yametanguliwa na mashimo ya makombora. Jürgen Moltmann, ambaye kitabu chake Mungu Aliyesulibiwa cha mwaka 1972 kinasomwa katika vyuo vyetu, aliandika mwaka 1980 katika kitabu chake juu ya Utatu kwamba kazi hii ya Studdert Kennedy ilistahili kusikilizwa hata kuliko ufafanuzi wa Warumi wa Karl Barth, uliotoka kipindi hicho hicho. Mtu aweza kubisha juu ya kipimo hicho. Lakini si jambo dogo kwamba Mjerumani aliyekuwa yeye mwenyewe mfungwa wa vita alimsikia vizuri hivyo kasisi wa jeshi la Waingereza.

5. Udhaifu wake

Sasa nije kwenye swali la pili la mama yule.

Ili kumwokoa Mungu na lawama ya vita, Studdert Kennedy anamnyang'anya uweza. Mungu wake anahangaika pamoja na ulimwengu, anashindana na maumbile yasiyotii, anaumia, anaanguka, anainuka, na kwa taabu anakwenda mbele. Msalaba kwake ni dirisha linaloonyesha hali ya Mungu ya siku zote. Hapa kuna mambo mawili ya kukosoa.

La kwanza, msalaba unapogeuzwa kuwa mfano wa maumivu ya Mungu ya siku zote, unaacha kuwa tendo. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 5, hasemi kwamba msalaba ulituonyesha jinsi Mungu anavyojisikia. Asema kwamba ndani ya Kristo Mungu alikuwa akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Jambo lilitendeka. Katika The Hardest Part nimetafuta ondoleo la dhambi nikalipata kwa uchache mno. Upo ushirika wa mateso, tena wa kugusa. Lakini askari aliyeua kwa singe haitaji tu Mungu anayelia pamoja naye. Anahitaji kusamehewa.

La pili, Mungu aliyefichika hafutiki kwa kukanushwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1525 juu ya utumwa wa hiari, Luther alikiri kwamba yako mambo ya Mungu yanayotutisha ambayo hatuwezi kuyaeleza. Shauri lake ni kumkimbia Mungu aliyefichika na kumkimbilia yeye yule aliyejifunua katika Kristo. Studdert Kennedy anafanya njia fupi: asema aliyefichika hayupo. Ni faraja ya usiku mmoja. Asubuhi mama anauliza mwanawe yuko mikononi mwa nani, na Mungu anayehangaika hawezi kumjibu, maana mikono yake mwenyewe haijulikani kama itashinda.

Wala hatulazimiki kuchagua kati ya Mungu asiyeumia na Mungu asiyeweza. Mafundisho yetu juu ya nafsi ya Kristo, mwenye asili mbili katika nafsi moja, yanaturuhusu kusema bila woga kwamba aliyeteswa Golgotha ni Mungu, na kwamba huyo huyo ndiye aliyefufuka siku ya tatu. Studdert Kennedy anaiandikia Ijumaa Kuu kwa machozi ya kweli. Pasaka ipo kitabuni, lakini imesimama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa kuketi.

Kuna udhaifu pia wa uandishi. Kitabu kina haraka. Hoja inarudiwa mara tatu au nne kwa sauti inayozidi kupanda, na msomaji huanza kuhisi kwamba anapigiwa kelele. Mazungumzo ya askari, aliyoyaandika kwa lafudhi ya watu wa kawaida, mara nyingine yana uhai kamili, na mara nyingine askari anasema yale tu ambayo kasisi alitaka kuyasikia.

6. Swali ambalo kitabu hakikuliuliza

Maisha yake yana jambo moja ambalo wapenzi wake hulipita upesi. Wakati wa vita hivyo alitembezwa pamoja na kikosi cha kufundisha matumizi ya singe, kilichokuwa na mabondia na wapiganaji wa mieleka, akiwahutubia askari ili kuwatia ari. Hapa ile imani ya zamani ya michezo na Injili ilifikia mwisho wake wa kutisha: ulingo, mahubiri na mafunzo ya kuua, vyote jukwaa moja. Baada ya vita alibadilika. Mwaka 1919 alitoa kitabu alichokiita Lies, yaani "Uongo", na miaka iliyobaki aliipinga vita kwa nguvu zake zote na kuwatetea wafanyakazi. Toba yake ilikuwa ya kweli. Lakini katika The Hardest Part swali la ofisi yenyewe halijaulizwa: mtumishi wa Neno aliyevishwa cheo na jeshi anamtumikia nani siku ambayo jeshi na Neno vinaachana?

Swali hilo si la Waingereza peke yao. Vita hivyo hivyo vilipiganwa katika nchi yetu. Mwaka 1916 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliongoza yeye mwenyewe kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar katika vita dhidi ya Wajerumani bara. Na mwaka 1920 mtu huyo huyo aliandika kwa ukali dhidi ya serikali ya nchi yake kwa kuwafanyisha Waafrika kazi za kulazimishwa. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao tunalitamka kila siku tunapokwenda sokoni Kariakoo. Hakuna aliyewaandikia kitabu cha namna hii, kinachouliza Mungu alikuwa wapi njiani walipoanguka na mizigo. Kazi hiyo bado inatungoja, na haitafanywa na mtu wa Leeds.

7. Hitimisho

Studdert Kennedy alifariki Liverpool tarehe 8 Machi 1929, akiwa na miaka 45, alipokwenda kuhubiri katika majira ya Kwaresima. Umati ulijaa njiani siku ya maziko yake Worcester, na pakiti ya Woodbine iliwekwa juu ya jeneza. Nimesema kwamba sigara zimemfunika. Lakini sitamlaumu aliyeiweka pale.

Kitabu chake nakipendekeza kwa kila mwanafunzi anayekaribia kubarikiwa, kwa sharti moja: asikisome peke yake. Akisome pamoja na Warumi 8, ambako uumbaji wote unaugua, na ambako hata hivyo hakuna kitu kiwezacho kututenga na upendo wa Mungu. Mtume alishika yote mawili. Kasisi wa mahandaki alishika la kwanza kwa mikono yote miwili, na la pili likamponyoka.

Kuhusu mama yule, nilirudi kwake baada ya siku arobaini. Nilimwomba radhi kwa mahubiri yangu. Nilimwambia kwamba alisema kweli juu ya gari, na kwamba wazee wa usharika wameanza kuzungumza habari ya gari la kukodi ambalo litalala kijijini. Kisha nikamsomea Yohana 10, habari ya kondoo ambao hakuna awezaye kuwapokonya katika mkono wa Baba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Hapo sawa, Baba Mchungaji. Ungeanza na hilo siku ile."